Mjomba Niliyemuua kwa Mstari Mmoja

Nilimuua mjomba wangu katikati ya kitabu cha pili, kwa mstari mmoja, halafu nikaendelea na shughuli zangu. Habari za msiba zilichelewa miezi minne kupanda mlimani. Zilipofika zilimkuta mwenyewe mzima wa afya, anamwagilia karoti.

Vitabu vyenyewe ni riwaya tatu za mapenzi kwa ajili ya vijana, na mambo yake yanatokea miaka mingi ijayo, dunia ikiwa imeharibika. Kuna mji chini ya mlima unaofanana sana na Uluguru, ingawa jina nimeliondoa. Mito yote imefungwa, maji hutoka kwa amri ya Baraza, na kijana akifika miaka kumi na minane anapangiwa wa kuoana naye kwa namba. Binti mmoja anaikataa namba yake. Anampenda kijana wa upande wa pili wa ukuta, wanatoroka, wanakamatwa, wanatoroka tena, na kwa vitabu vitatu vizima wanabusiana mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angekuwa anakimbia. Vitabu vya aina hii ndivyo vilivyo, na mimi sivionei haya. Niliviandika nyuma ya kaunta ya kibanda changu cha steshenari pale Morogoro mjini, kati ya mteja wa kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa na mteja wa kuchapiwa barua ya kuomba kazi. Wapo walioondoka na barua zenye neno "mpenzi" mahali palipostahili "mheshimiwa", na wakarudi kunifokea.

Wasomaji wangu wengi ni wasichana wa sekondari na wa chuo. Nilidhani wataniuliza habari za wale wapenzi wawili. Wapi! Walikuja kibandani kutoa kopi za notisi, wakaegemea kaunta, wakauliza habari za watu niliokuwa nimewapitia juu juu. Yule mlinzi wa lango aliyejifanya haoni ili binti apite, alipewa adhabu gani? Yule msichana aliyepangiwa kijana wetu, akaachwa mbele ya ukumbi mzima amevaa shela, alirudi nyumbani kwa miguu au kuna mtu alimchukua? Mmoja alinigombeza kabisa. Aliniambia, "Dada, wewe unawatumia watu halafu unawatupa." Nilimrudishia chenji yake, lakini neno lilikaa.

Mchapishaji wangu alipopata habari alifurahi kuliko mimi. Akapendekeza niandike vitabu vidogo vitatu, vya kurasa themanini hivi, kila kimoja kimfuate mmoja wa wale wa pembeni na kueleza maisha yake wakati mashujaa wetu wanakimbizana na Baraza. Cha kwanza kingekuwa cha mlinzi wa lango, cha pili cha msichana aliyeachwa na shela lake. Cha tatu tungekiamua baadaye, ingawa yeye alikuwa anamtaka rafiki wa kijana, yule mwenye pikipiki, kwa sababu wasichana walikuwa wanamwulizia sana. Habari za mjomba hakuna hata mmoja aliyeziulizia.

Mjomba wa kitabuni ni kaka wa marehemu mama yake yule binti. Ndiye anayemwongoza kwenye njia za mlimani wakati wa kutoroka. Nilimchukua mzimamzima kutoka nyumbani kwetu, kwa uvivu tu, maana nilihitaji mzee anayezijua njia za mlima na mzee wa namna hiyo nilikuwa naye tayari. Nikampa kukohoa mara tatu kabla ya kuingia ndani, hata kama nyumba ni yake na haina mtu. Nikampa suruali ya kufunga kwa kamba ya katani, kwa sababu mkanda, asema, unambana mtu pumzi. Nikampa na neno lake la "haya, tuone", ambalo kwa mjomba wangu linaweza kuwa ndiyo, linaweza kuwa hapana, na mara nyingi lina maana ya nenda zako. Nilipokwisha kumtumia, nikaona atawachelewesha wapenzi kufika mtoni. Nikaandika: "Mjomba hakuvuka, walimfunika kwa majani, wakaendelea na safari." Aya iliyofuata ilikuwa busu la ukurasa mzima na nusu.

Sasa niseme mjomba wangu ni nani kwangu. Mama alifariki nikiwa na miaka minne, na baba alikuwa ameshaanza maisha mengine mbali. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni kaka wa mama. Basi mjomba alinichukua, mwanamume peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili, upande wa Mgeta, kule kunakolimwa kabichi na karoti kwenye matuta yanayopanda mpaka kwenye ukungu. Alinilea yeye. Alinisuka yeye, mistari ikipindapinda kama barabara ya kwenda kwetu. Alinipeleka shule ya misheni akiwa amenishika mkono, na siku niliyokwenda bweni alibeba sanduku langu kichwani hadi barabarani, na basi lilipoondoka hakupunga mkono, alikohoa tu. Hakuoa. Sikuwahi kujiuliza kwa nini hakuoa. Nilimwona vile vile nilivyouona mlima, kitu ambacho nilikikuta.

Kitabu kilifika kijijini kwa mkono wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekinunua mjini. Baada ya misa ya Jumapili alizoea kuwasomea watu kwenye baraza ya kanisa, kurasa kumi kumi, na watu walikaa, maana hadithi ilikuwa ya mtoto wao. Mjomba alipoingia kwenye hadithi, walimtambua kabla hajamaliza kukohoa. Watu wote pale wakageuka kumwangalia. Naye, nimeambiwa, alifurahi waziwazi, yeye asiyefurahi waziwazi kwa jambo lolote. Kila Jumapili alianza kuwahi nafasi ya mbele, kofia magotini, anajisikiliza anavyomvusha binti kwenye miamba. Wakimtania njiani, "Mzee, leo mnapita wapi?" anawajibu, "Haya, tuone."

Ikaja Jumapili ya ule mstari. Mwalimu alikuwa hajasoma mbele, kwa hiyo aliingia ndani yake bila breki. Mjomba hakuvuka, walimfunika kwa majani. Halafu, kwa kuwa hakujua afanye nini, mwalimu wa watu akaendelea kusoma, na wazee wa parokia wakalazimika kulisikiliza busu lote, ukurasa na nusu, huku marehemu amekaa mbele yao na kofia yake. Lilipokwisha, mjomba alivaa kofia akaenda nyumbani.

Kijiji kingeweza kulinyamazia jambo hilo. Watani hawawezi. Ukoo wetu una watani wao, watu wa mgongo wa pili wa mlima, ambao tangu zamani wao ndio huchimba kaburi letu na sisi huchimba lao, na kwenye msiba wana ruhusa ya kufanya mzaha wowote. Ni mwiko kuwakasirikia. Wiki ile ile, asubuhi na mapema, walishuka zaidi ya kumi, wamebeba majembe na kitambaa cheupe, wanalia kwa sauti, mbele yao bibi mmoja mfupi mwenye nguvu ambaye ndiye kinara wa utani wote wa pande zile. Walifika uani, wakauliza maiti iko wapi.

"Maiti ni mimi," mjomba aliwaambia. "Ngojeni nimalize chai."

Walimpima urefu kwa mpini wa jembe. Walidai kuku wa wachimba kaburi, akawapa. Bibi alilitwaa koti lake lililokuwa limetundikwa, akalivaa, akatembea uani akikohoa mara tatu kila hatua ya nne, na majirani waliokuwa wamejaa kwenye ua wakacheka hadi wakashika mbavu. Mjomba naye alicheka, kama inavyotakiwa. Kisha kijana mmoja wa wale watani alijitanda kanga, akajitupa chini kujifanya mjane. Bibi akamwinua kwa sikio.

"Wewe mjane wa nani?" alimwuliza. "Kitabu hujakisikia? Marehemu huyu hakuacha mke, hakuacha mchumba, hakuacha hata paka. Amka hapo!"

Watu walicheka kuliko mwanzo. Mjomba aliingia ndani, na hakutoka mpaka walipokwisha kuondoka na kuku wao.

Mimi hayo yote sikuyajua. Nilipanda wiki mbili baadaye na mkate, sukari na majani ya chai, nimejaa furaha ya mtu ambaye kitabu chake kinauzika. Nikampigia goti. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Nikangoja lifuatalo. Halikuja. Alinisogezea kiti, akaniletea maji ya kunawa, akapakua ugali na mboga, akala pamoja nami, na wakati wa kuondoka akanifungia njegere kwenye mfuko kama kawaida. Ila neno, hakuna. Nikadhani anaumwa meno.

Mwalimu ndiye aliyenieleza nikiwa nangoja gari. Nilicheka mwanzoni, nakiri. Alipofika kwenye habari ya kofia magotini sikucheka tena. Niliona vibaya njia nzima hadi mjini.

Mwezi uliofuata nilipanda tena. Marahaba, kiti, ugali, njegere. Na mwezi uliofuata huo. Mtu akikutukana unaweza kumjibu, lakini akikupakulia chakula kimya unakula tu. Mimi si mvumilivu. Mara ya nne nililipuka. Nilimwambia, "Mjomba, ni kitabu tu! Watu wa kitabuni hawafi kweli!" Alinitazama kwa utulivu, akakohoa, akachukua jembe akaenda shambani. Nilibaki nimesimama uani peke yangu, mwanamke mwenye miaka arobaini na mbili, nimepiga kelele mbele ya kuku.

Niliogopa, na si kwa mzaha. Mjomba alikuwa anazeeka. Magoti yalishaanza kumsumbua kwenye matuta ya juu, na katika dunia hii hakukuwa na mtu mwingine aliyenijua nikiwa mtoto. Kama angeondoka akiwa amebakiza marahaba tu kati yetu, ningebaki na nini? Nikafuata njia ya desturi. Nilimwomba mzee mmoja wa ukoo anitangulie, nikapeleka jogoo na shuka jipya, mzee akasema kwa niaba yangu kwamba mtoto amekosa, amemtamkia mkubwa wake kifo, anaomba radhi. Mjomba alimpokea jogoo. Shuka alilikunjua, akalipapasa, akalikunja. "Haya, tuone," akasema, lakini alimwambia yule mzee.

Aliyenifungua macho ni bibi wa watani. Nilimkuta bombani karibu na misheni anajaza ndoo, nikamwamkia, akaitikia kisha akaniuliza kama nimekuja kuua nani leo. Nikamwomba aache kidogo utani anisaidie, maana radhi nimeomba na kuku nimetoa.

"Kuku umetoa wa kosa gani?" aliniuliza.

"La kumuua, bibi."

"Kufa!" alisema, akafunga bomba. "Mwanamume mzima anakasirikia kufa? Mimi nimemzika uani kwake mwenyewe, amecheka nasi. Nilipotaja mjane ndipo alipoingia ndani. Nilimwona uso. Mimi mdomo wangu hauna mlango, hilo ni langu na nimelijutia. Lakini maneno nimeyapata wapi? Kwako. Umewapa watu wote mapenzi humo ndani, mpaka yule kijana asiyejua hata kuvuka mto. Mjomba wako umempa kamba ya suruali."

Akajitwika ndoo yake akaondoka. Ilikuwa kweli.

Wakati huo vitabu vidogo viwili vilikuwa vimetoka, na mchapishaji alikuwa ananipigia simu kuhusu mwenye pikipiki. Nilimwambia kitabu cha tatu ni cha mjomba. Akauliza kwa upole kama nina uhakika vijana watataka kusoma mapenzi ya mzee. Nikamwambia mzee hakuzaliwa mzee, nikakata simu kabla hajanishinda.

Nilipokaa kuandika ndipo nilipogundua jinsi nisivyomjua. Nilijua anapenda chai ya rangi na tangawizi, anaogopa bata, anapanda kabichi mbegu zikiwa zimelowekwa siku moja. Ujana wake ulikuwa karatasi tupu. Nikafanya ninachokijua kufanya, nikabuni. Nilimpeleka stesheni inayofanana na Kingolwira, enzi za kabla ya Baraza, kijana mwembamba na gunia la karoti. Nikamwekea hapo mwanamke anayeuza machungwa dirishani kwa abiria. Wakapendana kwa treni nane. Treni ya tisa ikamchukua yule mwanamke, ametoa kitambaa dirishani, na kijana akabaki relini mpaka moshi ukatoweka. Nililia wakati naandika, nikajiona nimeandika vizuri. Katika kitabu, nilieleza, ndiyo maana mzee yule aliwasaidia wapenzi wawili kuvuka: aliijua kazi ya kubaki nyuma.

Nilipanda na karatasi zile mkononi, mvua za masika zimekwisha, mchana wa jua dogo na ukungu umeshuka nusu ya mlima. Nilimkuta barazani anamenya njegere kwenye ungo. Shikamoo, marahaba. Sikuomba ruhusa, maana ruhusa ingehitaji neno. Nilikaa kwenye mkeka, nikavaa miwani, nikaanza kusoma.

Nilisoma kama saa nzima. Hakunizuia, hakunitazama. Njegere zilidondoka kwenye ungo. Nilisoma habari za gunia, za machungwa, za treni ya kwanza na ya pili, nikawa nakaribia mwisho na hata kikohozi sijakisikia. Nilifika kwenye kitambaa cha dirishani. Njegere zikasimama.

"Treni?" alisema mjomba.

Nilishusha karatasi polepole, nisije nikamshtua.

"Mimi na treni wapi na wapi? Nimepanda treni mara moja, mpaka Ngerengere, kumwona rafiki yangu aliyekuwa jeshini. Nilitapika toka Kingolwira mpaka nashuka." Akatikisa kichwa. "Na machungwa. Kwa nini nimpende muuza machungwa? Hapa si kuna machungwa?"

Nikaanza kucheka, naye akacheka, na kicheko changu kiligeuka kuwa kitu kingine katikati hata ikabidi nivue miwani. Alinisubiri. Alichukua ganda lingine, akalifungua kwa kidole gumba.

"Alikuwa fundi cherehani," alisema.

Niliweka karatasi chini kwenye mkeka.

"Pale mjini, barazani kwa duka la vitambaa, karibu na soko. Nikishusha kabichi napita hapo. Nilimpelekea suruali kushona, halafu nikampelekea nyingine. Ilifika mahali sina suruali iliyochanika, nikachana mwenyewe." Alitabasamu, anaangalia njegere. "Alikuwa mcheshi sana. Mtu wa huko kwenye mashamba ya miwa, wazazi wake walikuwa wanafanya kazi kiwandani. Alinikubali. Mama yako alikuwa bado yupo, alimwona, akampenda. Tukawa tunapanga. Halafu mama yako akafariki."

"Akabadili mawazo?" niliuliza. "Kwa sababu ya mtoto?"

"Hapana. Alisema mtoto aje, tutamlea. Alipanda huku na shangazi yake kuiona nyumba. Alikuja mara tatu."

Alisema hivyo kisha akaendelea kumenya, na mimi niliona kwamba anachagua kama aendelee au asiendelee.

"Mara ya kwanza alikaa jikoni, kwenye kigoda cha mama yako. Hakujua. Ukamfuata, ukamwambia ondoka. Akaondoka, akakaa chini. Ukamwambia na chini ondoka." Alicheka kidogo. "Mara ya pili alikuletea gauni alilokushonea mwenyewe. Gauni ulilivaa, siku tatu hutaki kulivua hata kwa kuoga. Chakula chake hukugusa."

Gauni lile nalikumbuka. La buluu, lenye mifuko miwili mbele. Maisha yangu yote nilikuwa najua lilitoka kwa mama.

"Na mara ya tatu?"

"Mara ya tatu alikaa siku mbili. Siku zote mbili hukula, ukapata homa. Ulikuwa unasema mama akirudi atakosa pa kukaa." Alipeperusha ungo, maganda yakaruka uani. "Nikamsindikiza mpaka barabarani. Nikamwambia, subiri kidogo, mtoto azoee. Akasema sawa."

"Hakusubiri?"

"Alisubiri sana. Mimi ndiye sikumfuata. Kila nikikuangalia naona bado, bado. Ulipokuja kuzoea, ukaanza shule, ukawa unacheka, nilishuka mjini kumwambia. Nikakuta ameolewa, amerudi huko kwao kwenye miwa. Alifanya vizuri. Alikuwa mtu mzuri, asingekaa barazani kwa watu maisha yake yote ananingoja mimi."

Miaka ishirini naandika juu ya watu waliotenganishwa, na siku zote nimeweka kati yao ukuta, askari, Baraza la watu wabaya. Katika hadithi ya mjomba wangu aliyewatenganisha nilikuwa mimi, na gauni nilikuwa nimelivaa. Niliona aibu, kisha nikaona huruma, kisha nikamwonea hasira mtoto yule mkaidi kana kwamba ningeweza kumfuata jikoni nikamwondoa kwenye kile kigoda.

"Mjomba, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ungefanyaje?"

Nilianza kuokota maganda yaliyodondokea mkekani.

"Ulivyoniua sikujali," alisema. "Wazee wanakufa njiani, ni kawaida. Ila uliandika kama vile hakukuwa na mtu. Nikafikiri, kumbe hata huyu naye anajua hivyo."

Nilimwambia nitazichana karatasi zote, nitampa mchapishaji yule mwenye pikipiki, na mambo yake yatabaki kuwa yake. Nilikuwa nimeshaanza kuzikunja. Alinyoosha mkono akanizuia.

"Usichane. Andika. Toa treni, weka cherehani. Na zile suruali weka, watu wacheke."

"Na mtoto?" niliuliza. Sikuweza kumtazama. "Mjomba, huyo mtoto ndiye aliyeharibu kila kitu. Nimwandikeje?"

Alikohoa. Aliutikisa ungo magotini, ukungu umefika kwenye matuta ya chini.

"Usimfanye mbaya," alisema. "Alikuwa mdogo. Na alikuwa wangu."